Pasipoti Ndani ya Birika

Mama mwenzangu, akija kwenu mtu mwenye ramani, fungua droo yako uangalie mwanao anachokiacha. Naanza na hilo kwa sababu najua wengine hamtafika mwisho wa karatasi hii, mna kazi, na wengine mtaogopa kuonekana mnaisoma.

Kwetu Luzhany alikuja mwezi wa pili, theluji ikiwa bado imefika kwenye vizingiti vya madirisha. Aliitwa Eduard Lvovich. Kabla sijamsikiliza niliangalia viatu vyake. Mtu yeyote aliyetembea mjini kwetu mwezi wa pili viatu vyake vina mistari myeupe ya chumvi ya barabarani, hata mwalimu mkuu, hata kasisi. Vyake vilikuwa vyembamba, vyeusi, vinang'aa. Maana yake alitolewa kwenye gari akawekwa moja kwa moja jukwaani.

Walitukusanya jumba la utamaduni. Ramani ya dunia aliitundika juu ya pazia ambalo bado lilikuwa na nyota za karatasi za mwaka mpya. Alisema dunia haiendeshwi tena na upande mmoja. Alisema zile nchi zilizonyonywa na wakoloni wa zamani sasa zinawafukuza na kutuita sisi, na sisi hatuendi mahali bila kuitwa. Alisema babu zetu waliwajengea mabwawa na shule, na leo watoto wa huko wanapeperusha bendera yetu barabarani. Alisema vizuri. Nelya, rafiki yangu tangu tukiwa wasichana, alifuta machozi. Lakini mimi niliangalia fimbo aliyokuwa akionyeshea ramani. Ilizunguka Afrika nzima kama nzi juu ya jamu, haikutua mahali hata mara moja.

Kazi yenyewe ilikuwa kulinda. Lango la mgodi, uwanja wa ndege, hospitali. Miezi sita, kusimama kivulini na bunduki begani, hakuna vita. Alilisema mara tatu hilo la hakuna vita, na mimi mtu akiniambia kitu mara tatu bila kuulizwa huwa nakunja uso.

Gleb wangu alikuwa safu ya pili pamoja na Zakhar, mtoto wa Nelya. Gleb ndiye mtoto pekee niliye naye. Ana miaka ishirini na mitatu, jeshi la lazima alishamaliza, akawa anafanya kazi kiwanda cha mbao mpaka kiwanda kikasimama. Waliokuwa wakinunua mbao zetu kule nje waliacha kununua, na kwenye televisheni wakasema hilo ni jambo jema, sasa tutajitegemea. Basi vijana wetu wakajitegemea kwa kukaa nyumbani.

Jioni ile Gleb alikula viazi bila kuviangalia.

"Mama, umewahi kuona twiga?"

"Nimemwona kwenye pakiti ya biskuti."

"Mimi nitamwona amesimama."

Nikamwambia twiga hahitaji mlinzi kutoka Luzhany. Akacheka, akanibusu utosini, na nikajua ameshajiandikisha.

Jumapili alikuja Valera, mdogo wa marehemu mume wangu. Ni fundi wa boila, supu yangu ya kabichi ya Jumapili hajawahi kuikosa. Mkono wake wa kushoto una vidole vitatu. Tangu nimeolewa katika familia ile nimejua kwamba viwili viliachwa Angola, na kwamba Angola haizungumzwi mezani. Siku hiyo yeye mwenyewe ndiye aliyeanza.

"Chanjo umeshachomwa?" akamwuliza Gleb.

"Chanjo gani, baba mdogo?"

"Ya homa ya manjano. Sisi walituchoma, tukalala siku mbili tunatetemeka. Bila ile kadi hata rubani hakupandishi."

"Hayo ni ya enzi zenu."

"Mbu wa kule hawajaambiwa kwamba enzi zimepita."

Gleb akacheka. Valera hakucheka. Akaeleza, huku anachovya mkate, kwamba wao waligawiwa mashati ya kiraia, na tai moja ya kupigia picha kwa watu arobaini, mmoja anaivua mwenzake anaivaa, ndiyo maana kwenye picha zote ina fundo lile lile. Kila mtu akapewa pasipoti ya nje iliyoandikwa kwamba yeye ni mtaalamu wa kilimo. Kwenye karatasi za jeshi hawakuwepo kule kabisa.

"Luanda kulikuwa na mama mmoja anatuuzia samaki wa kukaanga," alisema. "Alijua tuko wangapi, tumefika lini, nani kati yetu anaumwa tumbo. Soko zima lilijua. Ni mama zetu tu ndio hawakujua."

"Kwa hiyo wewe hukuwepo," Gleb akamtania, "ila vidole vyako vilikuwepo."

"Ndiyo hivyo, bwana mdogo. Mimi sikuwepo. Vidole vilikuwepo."

Kesho yake, wakati wa mapumziko ya posta, nilikwenda kumwona Eduard Lvovich kwenye hoteli ya stesheni. Mimi posta napokea vifurushi, napima, nabandika karatasi. Alinikaribisha kwa jina langu na la baba yangu, Faina Stepanovna, kabla sijajitambulisha. Akanimiminia chai. Akasema kazi ya posta ni kazi ya heshima, kila kitu cha mji kinapita mikononi mwenu. Nikauliza kuhusu chanjo. Akajibu kila kitu kitafanyiwa kituoni. Nikauliza kituo kiko wapi, akasema karibu na uwanja wa ndege.

"Uwanja upi?"

"Faina Stepanovna, wewe ungefaa kuwa mpelelezi," akasema, akasukuma sanduku la chokoleti upande wangu.

Nikauliza anwani ya kupeleka kifurushi. Akasema kifurushi cha nini, kule kila kitu kipo, ndizi zinaanguka zenyewe. Niliposimama kuondoka akanishikia koti langu kama bwana wa mjini.

"Msalimie mzee wetu wa Angola," akasema. "Watu kama yule ndio waliotujengea jina."

Sikuwa nimemtaja Valera. Gleb nilimwuliza, akaapa hajamtaja. Zakhar aliulizwa, akasema labda, hakumbuki. Mpaka leo sijajua. Kwa wiki nzima nilikuwa naangalia watu kwenye foleni ya posta, nani ananisalimia sana, nani ameacha kunisalimia. Simu yangu nilikuwa naifunika na mto nikitaka kuongea na Valera ana kwa ana, kama mwehu. Sanduku la chokoleti liko juu ya kabati, halijafunguliwa.

Sasa nisikilizeni hapa. Kwetu kila mtu ana pasipoti ya ndani, ile ya kuonyesha benki na polisi. Ya nje ni kitabu kingine, unakiomba mwenyewe, unakisubiri mwezi. Gleb alikuwa nacho, alikichukua miaka miwili iliyopita alipotaka kwenda Uturuki na msichana mmoja ambaye baadaye alikwenda na mwingine. Kilikaa kwenye droo ya kabati la vyombo, chini ya kitambaa cha meza. Basi la kuwachukua vijana lilikuwa liondoke Jumatano saa nne asubuhi. Jumanne mchana, Gleb alipokwenda bafu la mvuke na Zakhar kujiosha kwa ajili ya safari, nikakichukua kile kitabu nikakitia ndani ya birika kubwa la shaba la bibi yangu, lile tusilolitumia, nikafunika.

Nilipanga hivi: asubuhi atafungua droo, hatakiona, atapindua nyumba, atanifokea, nami nitasema sijui mwanangu, labda ulikiacha kwa yule msichana. Saa nne itapita, basi litaondoka. Kingine kitachukua mwezi. Katika mwezi mmoja mambo mengi yanaweza kutokea, kiwanda kinaweza kufunguliwa, anaweza kupenda mtu. Uongo wangu niliufanyia mazoezi mbele ya sinki.

Jumatano Valera alikuja kuaga. Mimi nilikuwa nimewapa mgongo, nageuza maandazi ya kabichi. Nikasikia droo inafunguliwa. Nikasikia Gleb anapekua. Akatoa pasipoti ya ndani na kitabu cha jeshi, akavitia mfukoni. Akafunga droo.

Nilisubiri. Hakuuliza kitu.

Tukakaa, kama tunavyokaa kabla ya safari, yeye juu ya begi lake, mimi kwenye kigoda, Valera kwenye kiti cha kuvulia viatu. Gleb akajipiga magoti, akasema haya, Mungu atangulie. Akanikumbatia, akatoka. Nikabaki na uongo wangu mdomoni, hakuna aliyeuulizia.

Kosa langu la kwanza ni hili. Nilidhani amesahau. Na kwetu aliyetoka haitwi kurudi, kumrudisha mlangoni ni kumharibia njia. Ni miavuli mingapi, dawa ngapi, funguo ngapi zimebaki nyumbani katika nchi hii kwa sababu ya hilo. Nilisimama dirishani namtazama anavuka ua na begi lake begani, na mdomo wangu umefungwa na mambo ya bibi. Nikasema moyoni, basi, wenyewe watamrudisha, watamwambia huna pasipoti ya nje, nenda nyumbani. Nikafurahi hata. Nikamimina chai.

Valera alikuwa anavaa buti. Akaniuliza mbona natabasamu siku kama ile. Nikamwonyesha birika, nikamwambia nilichofanya.

Akafungua kifuniko, akatazama ndani. Akakaa tena kwenye kile kiti, buti moja mguuni, moja mkononi.

"Hakuiulizia?"

"Hakuiulizia."

"Wiki tatu hizi, hata mara moja hawajamwambia aipeleke?"

Nikamwambia sijasikia. Valera akaniita kwa jina langu la nyumbani, akasema taratibu, kama mtu anayesoma maandishi madogo:

"Faya, hata sisi ambao hatukuwepo tulikuwa na pasipoti."

Chai sikuinywa. Nilitoa kile kitabu, nikavaa koti juu ya aproni, tukaenda, yeye akinifuata nyuma na buti ambazo hazijafungwa kamba.

Basi lilikuwa mbele ya uwanja wa mpira, jeupe, halina maandishi. Vijana kumi na moja, nusu yao wameshapanda. Eduard Lvovich alikuwa mlangoni na orodha yake, na siku hiyo alikuwa amevaa buti nzito. Nelya alikuwa anampa Zakhar mfuko wa maandazi kupitia dirishani. Gleb alikuwa kwenye ngazi ya basi. Aliponiona uso wake uliwaka kwa aibu, maana vijana wote walikuwa wananiangalia na aproni yangu.

Nilikiinua kile kitabu, wote wakione.

"Umesahau hii."

"Mama, nenda nyumbani."

"Umesahau, mwanangu. Bila hii utaingiaje kwa watu?"

Mmoja ndani ya basi akasema, "Gleb, mama kakuletea na soksi?" Wakacheka. Eduard Lvovich naye akatabasamu, akanyoosha mkono, akasema kwa upole kwamba haihitajiki, kila mtu atapewa yake kituoni, ya kikazi.

Gleb alikuwa ameshaniashiria kwa kichwa niondoke. Hapo Valera akafika, anahema, akapanda mguu mmoja kwenye ngazi. Hakumtazama Eduard Lvovich kabisa, alimtazama Gleb tu.

"Nani humu ana ya kwake?" akauliza.

Wakaangaliana. Watatu walisema wanayo, iko nyumbani. Zakhar alisema yeye hajawahi kuwa nayo maishani, na hakuna aliyemwuliza.

"Na sindano nani amechomwa?"

Hakuna hata mmoja. Ndani ya basi kicheko kilikuwa kimeisha. Eduard Lvovich akasema mzee, nyakati zimebadilika, sasa tunaruka na ndege yetu wenyewe, tunakaribishwa, hakuna anayetugongea mihuri. Akasema kwa sauti ile ile ya jukwaani. Lakini sasa hapakuwa na ramani, na maneno yalikuwa yananing'inia tu.

Gleb akamgeukia.

"Karatasi ya mkataba tunasaini wapi?"

"Mkoani. Mwendo wa saa tatu kutoka hapa."

"Imeandikwa nchi gani?"

"Imeandikwa mahali utakapoelekezwa."

Niliuona uso wa mwanangu. Ni uso aliokuwa nao akiwa na miaka sita, alipogundua kwamba babu wa theluji anayeleta zawadi za mwaka mpya amevaa saa ya baba yake. Akasema, bila hasira, "Nitasaini nikiona tiketi," akachukua begi lake, akashuka.

Eduard Lvovich hakumzuia. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Alipiga mstari kwenye orodha yake, akatazama saa, kama mtu mwenye miji mingine mingi ya kupita. Kijana mmoja tu zaidi alishuka. Zakhar alitoa kichwa dirishani.

"Mtoto wa mama!" akamwita Gleb, anacheka. "Nitakuletea ngozi ya twiga ulalie."

Nilimfuata Nelya, nikamshika mkono, nikamwambia mshushe. Akautoa mkono wake. Alisema mimi tangu shuleni nilikuwa siwezi kuona mwenzangu anapata. Alisema mbele ya watu, na basi likaondoka wakati tunabishana. Kwa hiyo hakumpungia Zakhar. Hilo pia liko juu yangu.

Gleb hakunisemesha siku tisa. Alihamia kwa Valera, sasa wanakata kuni pamoja wilaya ya jirani. Watu walimzomea dukani, naye alinilaumu mimi na aproni yangu. Nilikubali. Alaumu akiwa hapa.

Zakhar alipiga simu siku ya kumi na mbili. Nelya alikuwa ameacha kuosha sakafu tangu siku ile, kama tunavyofanya mpaka msafiri afike. Alikuja posta makusudi, kwenye dirisha langu, wakati foleni ni ndefu, akasema kwa sauti: kijana wangu amefika, anasema kuna joto, nimeosha sakafu. Watu wakampongeza. Mimi pia nilimpongeza. Kusema kweli nilitamani iwe hivyo, niwe mimi ndiye mjinga wa mji.

Ilipofika mwisho wa mwezi wa tatu alikuja tena, akanunua boksi kubwa, akalipakia pale pale kwenye meza ya dirisha langu. Sikutaka kuangalia lakini macho yangu ndiyo kazi yangu. Soksi za sufu nene, pea sita, alizozifuma mwenyewe. Nyayo za manyoya za kuweka ndani ya buti. Mishumaa ile ya kwenye kopo, nta na kadibodi, wanayotengeneza akina mama wa shule kwa ajili ya wanajeshi wa mahandakini. Alivipanga haraka haraka, akifunika kimoja kwa kingine.

"Jangwani usiku kuna baridi kali," akasema, ingawa sikumwuliza.

Nikapima. Nikasoma anwani. Ilikuwa namba tu, na mji mmoja wa kwetu, wa kusini, karibu na mpaka ule wenye vita. Naujua mji huo. Hakuna wiki sijaupelekea vifurushi, na wote wanaouandikia huweka soksi.

"Itafika lini?" Nelya akauliza.

"Siku nne."

Alikuwa anahesabu sarafu za kopeki kwenye kiganja, akaacha. Nilimwona anafikiri. Tumesoma darasa moja, najua anavyofikiri, anauma ndani ya shavu.

"Afrika," akasema, "siku nne."

Nilitazama mizani. Yeye alinitazama mimi. Nyuma yake kulikuwa na watu sita, na wa tatu sikumfahamu.

"Labda inapitia pale tu," Nelya akasema. "Halafu wanaipeleka kwa ndege."

"Labda," nikasema.

Nikabandika karatasi, nikapiga muhuri, nikalisukuma boksi nyuma pamoja na mengine. Akasema asante, Faya. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo tangu siku ya basi.

Tangu hapo hajaja, na simu za Zakhar hazijamfikia. Naiona nyumba yake kutoka dirishani kwetu, taa ya jikoni inawaka mchana. Mara mbili nimefika mlangoni kwake nikarudi. Ile "labda" yangu ndiyo inayonikalisha hapa na kalamu. Nilikuwa na neno moja la kumpa rafiki yangu, nikampa lile.

Kwa hiyo wewe unayesoma, akija kwenu mtu mwenye viatu visivyo na chumvi akakuambia mwanao anaitwa na dunia, usibishane naye, anajua kusema kuliko wewe. Nenda kwenye droo. Kama mwanao ameshafunga begi na kitabu cha kutokea nje bado kiko chini ya kitambaa cha meza, au hajawahi kuwa nacho, basi huko anakopelekwa hakihitajiki. Usifanye kama mimi, usikae kumimina chai. Mwite, hata kama ameshavuka ua. Mrudishe ndani, ajitazame kwenye kioo ili njia isiharibike, kama walivyotufundisha bibi zetu, kisha mwambie avue buti.